Siku Ba Alipomwoza Tulsi

Wiki iliyopita tulikuwa tunasuka vikuba vya harusi ya mtoto wa dada yangu. Mikono yetu ilijaa mrihani na asumini. Nikainua vidole puani bila kufikiri, na ghafla sikusikia tena wenzangu walikuwa wanasema nini. Nilikuwa Kibiti, nimesimama nje ya ukuta wa mabati wa nyumba ya Ba, sikio limebanwa kwenye tundu la msumari, nasikiliza mambo yasiyonihusu. Shangazi akanipiga kikumbo, "Wewe, suka, harusi ni kesho!" Nikasuka, lakini usiku wote moyo wangu ulibaki kule kule.

Nitasema mapema ili mnicheke mara moja tuendelee: Tulsi, ambaye ndiye bibi harusi katika habari hii, alikuwa mmea. Ni mrihani wa Kihindi, wenye majani madogo na harufu iliyo kati ya mrihani wetu na karafuu. Leo najua. Wakati ule, mimi na akili zangu za darasa la pili, nilikuwa na hakika kwamba Tulsi ni msichana aliyefichwa ndani.

Ba kwa lugha yao ni mama, na Kibiti nzima ilimwita hivyo, hata wazee wa kiume waliomzidi umri. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu, na pindo la sari halikumtoka kichwani hata akiwa anapima chumvi. Alizaliwa Mohoro, baba yake alikuwa na duka huko zamani bidhaa zilipokuwa zikipita mtoni. Kiswahili chake kilikuwa cha Mohoro kabisa, na akikugombeza ukiwa umempa mgongo huwezi kujua kama anayekugombeza ni Mhindi. Mumewe tulimwita Babu Duka. Yeye maneno yake yalikuwa machache mno, akishasema "karibu" na "hakuna" ameyamaliza ya siku hiyo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Ninyi rika langu mnakumbuka jinsi tulivyozaliwa katika foleni za sukari, tukaoga kwa majani ya mpapai, halafu siku moja tukaamka tukakuta rafu za duka zimejaa sabuni za pinki, kandambili, betri na dawa ya meno yenye ladha ya pipi. Mimi nilijua sababu yake. Kila alfajiri Ba alipiga kengele ndogo na kumwomba Mungu wake kwa sauti nzuri ndefu, na mchana gari la bidhaa likafika. Nilimwambia mwalimu wangu kwamba sabuni zinaletwa na kengele ya Ba. Alinitazama akasema nikae chini.

Bibi yangu, Bi Mwajuma, ndiye aliyenilea, na nyumba yetu na ya Ba zilitengwa na ukuta ule wa mabati tu. Walikuwa marafiki tangu mama yangu akinyonya. Urafiki wao ulikuwa na kanuni ngumu, maana kwa Ba haikuingia nyama, wala yai, wala samaki. Hebu fikirieni, Rufiji, mahali ambapo mtu asipokula kambale anaulizwa kama anaumwa! Basi bibi alinunua chungu kipya, akakitundika peke yake juu ya dirisha, na ole wake mtu apikie dagaa humo. Kilikuwa chungu cha Ba. Kisamvu cha nazi kikipikwa humo, kilivuka ukuta kikiwa cha moto, na bakuli halikurudi tupu, lilirudi na chapati nyembamba zilizopakwa samli au zile ladu tamu za dengu zilizonifanya niwe mtoto mwenye adabu kupita wote mtaani.

Nyumba nyingine za Wahindi zilikuwa zimefungwa milango. Wenyewe walikwenda Dar es Salaam, biashara ilikohamia, na watoto wanne wa Ba, wote wanaume, walikuwa huko huko. Mkubwa wao, Kishor, kila alipokuja alisema lile lile: Ba, funga duka, mje mjini, mnakaa huku na nani? Ba alimjibu kwa kumwongezea chakula.

Sasa huyo Tulsi. Kila asubuhi, baada ya kengele, nilisikia maji yakimiminwa taratibu, kisha Ba anaanza kuzungumza. Maombi aliyasema Kihindi, umbea aliusema Kiswahili. "Umelalaje, Tulsi? Leo jua litakuwa kali, nitakutilia kivuli. Umemsikia yule mama jana na kelele zake dukani?" Kimya. "Haya, nyamaza, mwanangu, ndiyo adabu." Tulsi hakujibu hata siku moja, na mimi sikuona ajabu. Binamu yangu Rehema alikuwa ametoka ndani mwaka ule ule. Alipovunja ungo aliwekwa chumbani, haonekani, haongei na watu, anaogeshwa, anakingwa na jua, na alipotolewa alikuwa amenawiri kama aliyepikwa kwa maziwa. Kwa hiyo nilielewa kila kitu. Kwa Ba kulikuwa na mwali. Nilimwonea huruma, maana Rehema alikaa miezi, lakini huyu Tulsi nilimsikia tangu ningali sijui kufunga kanga. Siku moja nilimpenyezea ukwaju chini ya bati, na kesho yake nikamsikia Ba akimlalamikia Tulsi habari za panya.

Muda mfupi baada ya sikukuu yao ya taa nilitumwa chumvi nikamkuta Ba barazani, anapiga cherehani. Kitambaa kilikuwa chekundu, kinang'aa, pembeni kina utepe wa dhahabu.

"Ya nani hiyo, Ba?"

"Ya Tulsi. Si anaolewa juma lijalo."

Aliinua ile sari kuitazama, nami nikaipima kwa macho. Ilikuwa ndogo. Isingenitosha hata mimi. Chumvi niliisahau juu ya kaunta.

Bibi alikuwa anapepeta mchele uani pamoja na Bi Siwema, kungwi aliyewafunda mabinti wa nusu ya Kibiti.

"Bibi! Ba anaoza mtoto mdogo!"

Ungo ukasimama. "Mtoto gani? Ba kazaa midume mitupu."

"Yupo wa ndani. Tulsi. Hatolewi. Ameshonewa nguo nyekundu, hainifiki hata magotini."

Bibi alinitazama kama anayetafuta homa usoni pangu. Lakini Bi Siwema alikwisha kusimama, anajifunga kanga. "Mwali akae ukuta wa pili na mimi nisijue? Mimi, Siwema? Anamtoa mwali kimyakimya kama anayeuza mali ya wizi? Ati ujirani huo!"

"Labda mtoto kasikia vibaya," bibi akasema.

"Basi twende tukasikie vizuri."

Wakaenda, kanga zimenyooka, mimi nyuma yao. Ba alitoka na unga mikononi.

"Hodi hodi, wenyewe," alisema Bi Siwema. "Tumekuja kumwona mwali, na kukulaumu."

"Mwali? Mwali gani, mwenzangu?"

"Tulsi."

Ba alimtazama Bi Siwema, akamtazama bibi, kisha macho yake yakateremka hadi kwangu, niliyekuwa nimejikunyata kwenye kanga za bibi. Alishika mwimo wa mlango. Alicheka, jamani, alicheka mpaka funguo za kiunoni zikalia. "Vueni viatu," alisema alipopata pumzi. "Vueni, mje mumwone mtoto wangu."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia ua ule wa ndani. Sakafu ilisuguliwa mpaka unaogopa kukanyaga. Katikati kulikuwa na kijukwaa kilichopakwa chokaa, juu yake chungu, ndani ya chungu kuna kimti kinachonifika kiunoni. Bi Siwema alizunguka kile kijukwaa, akachungulia nyuma, akachungulia jikoni.

"Yuko wapi?"

"Huyo," Ba akasema.

"Mwenzangu, huu si mti?"

"Kwako mti. Kwangu mtoto."

Mimi niliangua kilio. Nilikuwa nimemwandalia Tulsi maisha mazima, kwamba akitoka tutacheza rede, kwamba nitamfundisha kuogelea, na sasa hana hata mikono. Kulia kwangu ndiko kulikowamaliza. Bibi alikaa chini palepale, Bi Siwema akajifuta machozi kwa pindo la kanga, na Ba akanivuta mapajani akanipa ladu, huku akinitikisa kwa kicheko chake mwenyewe.

Halafu alieleza, mikono yake ikiwa imetulia juu ya kichwa changu. Kwao, alisema, mzazi kumtoa binti yake ni sadaka isiyo na mfano, Mungu anaipokea kwa mikono miwili. Yeye hakujaliwa binti. Asiyejaliwa humlea Tulsi, na siku moja katika mwaka humwoza kwa Mungu mwenyewe, kwa harusi kamili ya nguo na nyimbo na chakula. "Miaka yote nimeahirisha. Leo duka, kesho watoto, kesho kutwa ugonjwa. Sasa Kishor amesema mwaka huu hatuachi. Nimemwambia, niache nimwoze binti yangu hapa nilipomlea. Baada ya hapo nitapanda gari lako, hutanisikia neno."

Kicheko kilikauka. Bibi alikuwa anaokota jani lililoanguka, analigeuza geuza.

"Kwa hiyo harusi ndiyo safari," alisema.

"Ndiyo safari."

Nilimjua bibi yangu. Akikasirika hupiga kelele, akiumia huanza kutengeneza vitu. Alikunja kanga yake upya, akaikunjua, akaikunja tena. "Basi aolewe vizuri," akasema. "Asiondoke mtu hapa anasema Kibiti walimharibia." Nilijua usiku ule kwamba hakulala vizuri, maana kitanda chetu kilikuwa kimoja.

Mvua za vuli hazikutuuliza. Zilishuka juma lile kama zilizolipwa, na wenzangu mliosafiri barabara ile kabla ya lami mnajua nasema nini: ukitoka Dar unajua siku ya kuondoka, ya kufika anajua Mungu. Kishor ndiye aliyekuwa anamleta bwana harusi. Bwana harusi huyo alikuwa jiwe jeusi, la mviringo, takatifu, lililosimama mahali pa Mungu wao, lililokaa kwa jamaa zao mjini, na jamaa hao ndio wangekuwa upande wa mwanamume. Maana bwana harusi hawezi kutoka nyumba ya bibi harusi. Hilo halina mjadala kwao, na wala kwetu.

Siku yenyewe ikafika, gari halikufika. Mchana aliingia utingo mmoja kwa miguu, tope mpaka mapajani, akasema lori la Kishor limezama huko nyuma, na hata likinasuliwa leo litachukua siku kadhaa kufika. Bibi aliposikia aliacha nguo kwenye beseni, akavuka kwenda kwa Ba. Mimi sikuachwa.

Jiko lilikuwa baridi. Ba, aliyekuwa amefunga tangu alfajiri, alikaa chini ya Tulsi, ile sari nyekundu imekunjwa mapajani. Babu Duka alisimama pembeni na kitabu cha dua mkononi, hajui akiweke wapi.

"Mbona hampiki?" bibi akauliza.

"Bwana harusi hana njia."

"Siku nyingine?"

"Nimefunga leo, nimeweka nia leo. Na lori likifika, mizigo inapakiwa. Nitamwoza nikiwa juu ya magunia?" Ba aliipapasa ile sari. "Mama yangu, mwaka mmoja mto ulifurika, Mohoro ikawa kisiwa, watu wa upande wa pili wasivuke. Alimwoza Tulsi wake kwa muwa. Alisema Mungu akitaka kuja harusini hakosi pa kukaa, hata ndani ya muwa atakaa. Lakini muwa lazima uletwe na watu wa upande wa mwanamume. Mimi sina upande wa pili, Mwajuma. Wote wamehama."

Nilimwona bibi akitazama juu ya mabati, kwenye kisima chetu, ambako majani ya miwa yake yalikuwa yanachezea upepo.

"Upande wa pili wa ukuta si upande?" akasema. "Mimi nina miwa."

Ba aliinua uso. Sitausahau uso ule. Alijua bibi anajua harusi ile inampeleka wapi, na bado anakuja na muwa wake.

Habari ilipomfikia Bi Siwema, alikuja akamvuta bibi pembeni. "Bi Mwajuma, na dini?"

"Dua zao watasoma wenyewe, sisi tutakaa kando. Mimi napeleka muwa kwa jirani. Umesikia wapi muwa una makosa?"

Bi Siwema alifikiri. "Lakini nitauchagua mimi," akasema.

Aliuchagua kama anayechagua mume wa binti yake mwenyewe. Mmoja aliukataa kwa kuwa umepinda, "huyu atakuwa mwongo." Mwingine ulikuwa mwembamba, "atakufa mapema amwache mjane." Hatimaye akaupata mnene, umenyooka, una rangi ya zambarau, akaupiga konzi akasema una afya. Tuliuosha, tukauvisha kikoi cha marehemu babu na kilemba cheupe juu kabisa, chini ya majani. Uani kwetu wanawake walishajaa, sijui nani aliwaambia. Wengine walivuka kwenda kuwa upande wa mwanamke, ili harusi iwe na pande mbili, na hapo hapo wakaanza kututukana kiutani kama ilivyo desturi.

Kutoka kwetu hadi kwa Ba ni kugeuka tu. Bi Siwema alikataa. Alisema bwana harusi hapitishwi njia ya kwenda chooni, tukazunguka mpaka sokoni na tope lote lile, matari yanalia, vigelegele vinapaa, muwa juu, kilemba kinayumba. Wauza samaki walisimama. Mmoja akauliza huyo ni nani, na bibi, ambaye kwa kawaida hakupenda makelele, akajibu kwa sauti, "Ni mwanangu, anaoa!"

Mlango wa Ba ulifungwa. Wanawake wa upande wa pili walijipanga, mikono viunoni.

"Mnataka nini?"

"Tumeona ua kwenu, tumekuja kulichuma."

"Na huyo mrefu ana kazi gani?"

Tukatazamana. Bi Siwema akapaza sauti, "Ana sukari!"

Watu walianguka kwa kicheko. Mliopanga foleni za sukari mtaelewa. "Mwenye sukari huyo! Mpitisheni, mpitisheni haraka!" Mlango ukafunguliwa.

Tulsi alikuwa mzuri, sina neno jingine. Alivishwa ile sari nyekundu, kidani kidogo, maua ya manjano kuzunguka chungu chote. Ba akaniita. "Wewe ndiye uliyemjua kabla ya wote," akasema, akanipa upepeo nimpepee bibi harusi. Nilipepea mpaka bega likauma. Wanawake walirudi nyuma, wakakaa ukutani kwa adabu, vichwa wamefunika, na Babu Duka akafungua kitabu. Yule mzee wa "karibu" na "hakuna" alisoma kwa sauti nzito, tamu, isiyokatika, nikajiuliza siku zote alikuwa ameificha wapi. Waliweka shuka kati ya Tulsi na muwa, wakaiteremsha taratibu, maharusi wakatazamana kwa mara ya kwanza. Kisha Ba na mumewe wakashikana mikono, wakamimina maji, na Ba akaanza kusema maneno ya kumtoa binti.

Hakuyamaliza. Sauti ilikatika, akalia kwa kwikwi, kama alivyolia mama yake Rehema, kama wanavyolia mama wote. Wengine wangeweza kucheka, ni mti ati. Hakuna aliyecheka. Bi Siwema, kungwi wa watu, aliyeona mama wengi wakilia, alianza kuimba kwa sauti ya chini ule wimbo wa kumtoa mwali, na wanawake wote wakamwitikia, na Ba akalia mpaka akatulia, akamaliza maneno yake.

Tulikula! Vichapati vya puri vilivyovimba, viazi vya bizari, halua, na wali wetu wa nazi uliopikwa kwa chungu cha Ba na vyungu vingine vilivyosuguliwa kwa majivu mpaka vikakosa hata kumbukumbu ya samaki. Jua lilipoanza kushuka bibi akasimama, akajifuta mikono.

"Haya. Tumchukue bibi harusi."

"Mnampeleka wapi?" Ba akauliza.

"Kwa mumewe. Wewe umeona wapi mwanamke anaolewa anabaki kwao?"

Ba alikitazama kile chungu. Kwa desturi yao Tulsi hubaki pale pale, nilikuja kujua baadaye. Alitabasamu huku macho yamemlowa. "Kweli," akasema. "Binti habaki." Vijana wakakibeba chungu, tukaimba tena, na Tulsi akakaa kando ya kisima chetu. Muwa tuliupanda kwenye udongo ubavuni pake, bado kilemba kichwani. Ba alitusindikiza hadi mlangoni na hakuingia. Alisema mama haingii kwa mkwe siku ya kwanza.

Tangu kesho yake kengele ya alfajiri ililia upande wetu. Bibi alifagia mapema, akamwekea Ba mkeka na maji masafi, akaondoka kumpa nafasi. Baada ya maombi, kelele zilianza. Waliitana mkwe.

"Mkwe, mwanao mvivu, tangu aje hajaosha hata kijiko."

"Mkwe, mwanao ndiye mlevi, angalia kilemba kilivyomwangukia usoni."

Watu walipita makusudi kuwasikiliza. Lakini dukani kwa Ba bidhaa zilikuwa zinapungua rafuni, na alasiri bibi alikaa kisimani peke yake, ana kazi mikononi lakini haifanyi. Nilimuuliza kama Ba akienda Dar nani atakula kwenye kile chungu. Aliniambia nikachote maji, na ndoo zilikuwa zimejaa.

Kisha asubuhi moja Ba akapiga ukelele. Tulitoka mbio. Kwenye fundo la chini la muwa kulikuwa na kichipukizi cha kijani, kimechongoka. Juu yake kidogo, kingine. Bi Siwema aliitwa. Aliinama, akashika, akatazama, akafunga macho kwa ule uzito wake wa kazi.

"Mimba," akasema. "Tena naona pacha." Kwamba imetokea ubavuni mwa mume, hakuna aliyeuliza.

Barabara ilipokauka Kishor akaja na lori. Alikuwa mtu mpole, kitambi mbele, na alikuwa ameleta lile jiwe jeusi ndani ya kisanduku cha hariri, anaomba radhi kwa kila aliyemwona. Mchana kutwa yeye na vijana walipakia: masanduku, mizani, mitungi, vitanda. Wakafunga kwa kamba ya katani, wakakaza. Ndipo alipomtafuta mama yake, akamkuta uani kwetu, amekaa mkekani kati ya bibi na Bi Siwema, wanachambua mchele.

"Ba, twende. Giza lisitukute njiani."

"Siwezi."

"Umeniahidi. Ulisema ukishamwoza Tulsi."

"Nilisema. Sikujua kama mimba itakuja mapema hivi."

"Mimba ya nani?"

Bi Siwema alinyoosha kidole kuelekea kwenye machipukizi. "Miezi michanga," akamwarifu.

Kijana wa watu aliutazama muwa, akamtazama mama yake. Ba hakuwa anacheka. "Kishor, mwanangu, niambie mwenyewe. Mwanamke gani anamwacha binti yake na mimba ya kwanza, akahamia mjini? Watu watanionaje? Watasema nilimtupa kwa wakwe nikakimbia. Nimekaa na ninyi wanne, mmekwenda wote, sikuwazuia. Huyu ndiye niliyemwoza karibu. Acha nikae karibu naye." Nadhani hapo ndipo Kishor alipoelewa mama yake anazungumza habari gani, maana alichuchumaa mbele yake, akamshika miguu.

Tulisikia kishindo nje. Babu Duka alikuwa amepanda juu ya tairi la lori, peke yake, uzee wote ule, anafungua mafundo ya kamba kwa meno.

Bibi aligeuza uso ukutani, akauzika ndani ya kanga, mabega yakamtikisika. Nilipomsogelea alinisukuma, macho mekundu, uso wote unacheka.

"Unashangaa nini wewe?" akasema. "Nenda kashushe mizigo ya mkwe wangu."